Dakika Mia na Themanini

Kabla hujabisha hodi umeshajitaja.
Hivyo ndivyo vivinjari vilivyolelewa:
vinaropoka jina, ukoo, upana wa skrini,
lugha ya nyumbani, saa iliyo ukutani,
na mwenyeji hajagusa hata komeo.

Mimi ni Eyðbjørg, wa ofisi ya mabasi, Klaksvík.
Nje theluji inaanguka kwa ubavu,
ndani kuna hita moja na sisi wawili.
Tróndur kanipa kazi Jumatatu:
"Andika msimbo umtambue kila anayekuja.
Mwenye kivinjari kikuukuu, mfungie.
Mwambie akatafute kipya."

Nikaandika. Mistari kumi na minne.
La kwanza nililojifunza: vyote husema uongo.
Kila kimoja hujiita kwa jina la marehemu mmoja,
kivinjari kilichozikwa mimi nikiwa shule,
kisha huongeza jina la jirani, la hasimu,
la shemeji wa hasimu,
kisije kikanyimwa mlango mahali fulani
palipokuwa na Tróndur mwingine.
Sikuvilaumu. Hata bibi yangu, alipohamia Kopenhagi
kuosha vyombo, alijiita Edith.

La pili lilinijia usiku, nikila mkate na jibini:
msimbo wangu haukai kwangu.
Unasafiri hadi kwa mtu, unaingia mashineni mwake,
unakula umeme wake,
unapekua, kisha unarudi na umbea.
Sasa niambieni, hapo mgeni ni nani?
Wanasema mgeni ni kuku mweupe.
Kuku mweupe ni mimi, nimesimama
katikati ya sebule ya watu, nahesabu viti.

Alhamisi akaja huyu.
Kivinjari: cha miaka kumi na mmoja iliyopita.
Skrini: pikseli elfu moja na ishirini na nne, kwa mia sita.
Lugha: Kifaroe. Yetu, ambayo wasemaji wake wote
hawajazi uwanja mmoja mkubwa wa mpira.
Saa: dakika mia na themanini nyuma.
Nikafungua ramani, nikashusha kidole.
Bahari, bahari. Brazili labda. Ajentina. Au meli.
Ratiba aliyoitaka: Viðareiði, basi la mwisho.
Basi ambalo hawezi kulipanda.
Akakaa dakika nne, akaondoka.
Ijumaa vilevile. Jumamosi vilevile.
Jumapili hakuna basi, naye akaja, akasoma "hakuna".

Nilitaka kumjua. Nakiri.
Vidakuzi? Vimewashwa. Kidole au kipanya? Kipanya.
Viini vya prosesa? Viwili.
Msimbo unajua kuuliza yote hayo
ila haujui kuuliza: umekula?
Umelalaje? Huko uliko mvua inanyesha?

Jumatatu Tróndur akasema, sasa funga.
Nikafuta mistari kumi na mitatu.
Nikaacha mmoja usiouliza jina wala ukoo,
unauliza tu: mzigo huu, utaweza kuubeba?
Ukishindwa, chukua huu mwepesi:
jedwali tupu, nyeusi juu ya nyeupe,
vituo saba na saa zake.

Tróndur akaguna. "Na takwimu zangu?"
Nikamwonyesha dirisha.
Basi la mwisho lilikuwa linawasha taa,
abiria wawili, mmoja kapakata keki.

Sijui kama amekuja tena.
Sasa siwezi kujua; ndiyo maana ya kufuta.
Ila ikifika saa nne na dakika kumi usiku
naitazama saa ya ukutani,
natoa dakika mia na themanini,
na huko, popote pale, ni saa moja na kidogo.
Watu wanaandaa meza.